Timkat: Sikukuu ya Maji Katika Nchi ya Uhabeshi

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za Uhabeshi, nchi ambayo leo huitwa Ethiopia. Tumesoma habari za vita vya Adwa vya mwaka 1896, na wale wanaokaa Nairobi wamekwisha kula katika mikahawa ya Wahabeshi huko Eastleigh. Lakini ni wachache katika sisi waliovuka mpaka kule Moyale wakakaa katika nyumba ya watu wa nchi ile kama wageni. Mimi na rafiki yangu tulipata bahati hiyo mwezi wa Januari mwaka 2018, nami naona vyema niwasimulie tuliyoyaona, pamoja na kosa moja nililolifanya mimi mwenyewe, maana nikilificha nitakuwa nimewasimulia nusu tu.

Rafiki yangu huyo ni karani mwenzangu. Wakati ule meza zetu zilikuwa zimekabiliana mwaka wa sita. Yeye ni mtu wa Mombasa, Mwislamu, mwenye maneno machache na kanzu safi. Mimi kwetu ni Idakho, karibu na Kakamega, nami nilisomeshwa na wamisheni. Aliyetualika ni Mhabeshi mmoja, fundi wa kushona nguo, aliyekuwa jirani yangu Nairobi kwa miaka mitatu kabla ya kurudi kwao Addis Ababa. Kila mwaka alikuwa akinipelekea salamu akiniambia, "Njoo uione Timkat," yaani sikukuu yao kubwa ya kukumbuka ubatizo wa Bwana Yesu katika mto wa Yordani.

Nilipomweleza rafiki yangu, alisema kwamba atakuja nami, lakini kwa sababu yake mwenyewe. Alinikumbusha kwamba katika mwaka 615 Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka walikimbilia Uhabeshi, na Najashi, mfalme wa huko aliyekuwa Mkristo, akakataa kuwatoa mikononi mwa adui zao. Tena Bilal, mwadhini wa kwanza, alikuwa mwenye asili ya Uhabeshi. "Nchi iliyowapa hifadhi masahaba," akasema, "hainipasi kufa sijaiona."

Kabla hatujaondoka, mwenyeji wetu aliniletea ujumbe kwa simu akiuliza, "Huyo rafiki yako ni mtu wa namna gani, naye hula nini?" Nikamjibu, "Ni kama ndugu yangu, naye hula kila kitu." Wasomaji wayaweke akilini maneno hayo.

Tulipanda basi Nairobi siku ya Jumapili jioni. Barabara ya kutoka Isiolo mpaka Moyale, yapata kilomita 500, ilikuwa imekwisha kutiwa lami yote, na safari iliyowachukua wazee wetu siku mbili au tatu juu ya malori, katika mavumbi na hofu ya wanyang'anyi, sasa humalizika kwa usiku mmoja na asubuhi yake. Siku ya Jumatatu tulivuka mpaka bila taabu, kwa kuwa raia wa Kenya hahitaji viza kuingia katika nchi ile. Taabu yetu ya kwanza tulijiletea wenyewe.

Upande wa pili tulikwenda kukata tiketi ya basi la kesho yake. Kijana aliyekuwa dirishani alitusemesha kwa Kiingereza, akatuandikia 11:00 juu ya tiketi. Sisi makarani tuliozoea saa za ofisi tukaelewa kwamba ni saa tano asubuhi. Tukalala vizuri, tukanywa chai bila haraka, na saa nne tukawa kituoni na mizigo yetu. Kituo kilikuwa kitupu. Mzee mmoja Mborana, aliyejua Kiswahili, alitazama tiketi zetu akacheka mpaka akakohoa. Basi lilikuwa limekwenda zake tangu alfajiri, saa kumi na moja!

Jambo hili lanichekesha hata leo. Wahabeshi huhesabu saa za mchana tangu kupambazuka, sawasawa kama sisi tunavyohesabu kwa Kiswahili. Saa moja yao ni saa moja yetu, na hata neno lenyewe wao husema "sa'at". Laiti tungaliisoma namba ile kama mama zetu wangalivyoisoma, tusingalichelewa. Kiingereza chetu kilitupotezea siku nzima pamoja na nauli. Kalenda yao ndiyo iliyo tofauti na yetu. Wana miezi kumi na mitatu, kumi na miwili yenye siku thelathini thelathini, na mmoja mdogo wa siku tano au sita. Na mwaka ule tulioita 2018, wao waliuita 2010. Rafiki yangu alisema kwamba basi tumekuwa vijana kwa miaka minane, kwa hiyo siku moja iliyopotea si neno.

Jumatano alfajiri tuliondoka kweli, na usiku tukalala katika mji wa Hawassa ulio kando ya ziwa. Wakulima watapenda kujua habari za njia ile. Baada ya nchi kavu ya Waborana, yenye ng'ombe na vichuguu virefu kuliko mtu, barabara hupanda mpaka katika milima ya kahawa karibu na Dilla, na hapo nchi hugeuka kuwa ya kijani kama Kisii. Kando ya kila nyumba niliona migomba minene, nikastaajabu kwamba sikuona hata mkungu mmoja wa ndizi. Kumbe si migomba. Ni mmea uitwao enset, ambao watu hawali matunda yake. Hukwangua shina na kizizi chake, wakavundika shimoni kwa majuma mengi, kisha huoka mkate mzito uitwao kocho. Mbele zaidi tuliona watu wakipura teff, nafaka ambayo punje yake ni ndogo kuliko wimbi, wakiwazungusha ng'ombe juu ya masuke yaliyotandazwa chini. Unga wa teff huachwa siku kadhaa mpaka uchachuke, ndipo huandaliwa injera, mkate mpana na mwororo ambao ni chakula chao cha kila siku.

Tulifika Addis Ababa siku ya Alhamisi karibu na adhuhuri. Mji ni mkubwa, una majengo marefu, na gari la moshi la umeme lililoanza kazi mwaka 2015 hupita juu ya barabara. Hayo wasomaji wanaweza kuyaona katika picha, kwa hiyo sitayaeleza. Mwenyeji wetu alitupokea kwa kugusanisha bega kwa bega, kama ilivyo desturi yao. Mama yake, mama wa makamo aliyevaa gauni jeupe lenye mapambo ya nyuzi kifuani, alitushika nyuso zetu kwa mikono miwili kana kwamba tulikuwa wanawe waliopotea. Hatukuketi hata robo saa, kwa kuwa maandamano yalikuwa karibu kuanza.

Siku ile ya kutangulia Timkat huitwa Ketera. Kila kanisa la Kihabeshi lina tabot, yaani mfano wa vibao vya amri alivyopewa Musa, nayo hukaa mahali patakatifu ambapo mtu asiye kasisi haingii. Katika Ketera hutolewa nje, imefunikwa kwa vitambaa vya thamani, na kasisi huichukua juu ya kichwa chake chini ya miavuli ya mahameli yenye mapindo ya dhahabu. Tabot za makanisa mbalimbali huandamana mpaka kwenye maji na kulala huko katika mahema. Mjini Addis Ababa nyingi huenda Jan Meda, uwanja mkubwa uliokuwa wa wafalme tangu zamani.

Njia zote zilikuwa nyeupe kwa nguo za watu. Wana msemo ya kuwa nguo isiyovaliwa siku ya Timkat heri ichanwe, na kweli sikuona mtu hata maskini aliyevaa kitambaa kichafu. Mbele ya tabot vijana walitandika zulia jekundu ili kasisi asikanyage vumbi, na akiisha kupita walilikunja nyuma yake, wakakimbia nalo mbele mbio mbio, wakalitandika tena. Walifanya hivyo mwendo wa saa nzima na zaidi, jasho likiwatiririka. Mwenyeji wetu alitueleza kwamba zamani kijana aliyempenda msichana alimtupia ndimu siku hiyo, na msichana akiiokota, yamekwisha. Nilitafuta kwa macho mtu wa kutupiwa ndimu, rafiki yangu akanikumbusha kwamba nina mke na watoto watatu.

Kisha wakaja waimbaji wa kanisa. Walikuwa safu mbili zilizokabiliana, wazee kwa vijana, kila mtu ana fimbo ndefu ya sala mkono mmoja na njuga ya chuma mkono wa pili. Katikati walikuwa wapigaji wawili wenye ngoma kubwa zilizoning'inia shingoni. Walianza polepole, wakiinama na kuinuka pamoja kama mtama katika upepo. Ngoma ikaongezeka, fimbo zikapanda na kushuka, makasisi wenyewe wakacheza, na wanawake wakapiga vigelegele. Walikuwa wakimwimbia Mungu kwa Kigeezi, lugha ya zamani ambayo haisemwi tena ila kanisani.

Hapo ndipo nilipomkumbuka babu yangu. Alikuwa mpigaji wa isukuti, zile ngoma zetu tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Alipotaka kubatizwa aliambiwa achague ngoma au kanisa. Akachagua kanisa, na ngoma zake zikachomwa moto mbele ya watu. Nilipokuwa mtoto nilimwona mara nyingi, wakati wa nyimbo za Mungu, akipiga ubao wa kiti kwa ncha za vidole vyake, na bibi akimkanyaga mguu ili aache. Nasi shuleni tulifundishwa kwamba ngoma na sala havikai pamoja. Na hawa niliokuwa nikiwatazama walikuwa Wakristo tangu karne ya nne, zamani za Mfalme Ezana wa Aksum, yaani miaka elfu moja na mia tano na zaidi kabla ya mmisheni wa kwanza kufika kwetu! Siku hizi kanisa la kijijini kwetu lina ngoma kila Jumapili, na hakuna anayeona ajabu. Lakini babu alikufa mwaka 1994, na hakuziona.

Rafiki yangu aliniona nimenyamaza, akanishika mkono kama watu wa pwani wafanyavyo, tukatembea hivyo mpaka Jan Meda.

Usiku ule tulikula chakula cha mfungo, kwa kuwa mkesha wa Timkat hauna nyama wala maziwa. Kilikuwa mchuzi mzito wa unga wa dengu, na adesi, na mboga, juu ya injera moja kubwa tuliyoizunguka sote. Rafiki yangu alifurahi akasema ni kama sinia la kwao. Mama akakunja tonge akamtia kinywani kwa mkono wake mwenyewe. Jambo hili huitwa gursha, nalo ni heshima na mapenzi. Mgeni hulishwa kama mtoto. Rafiki yangu alishtuka kidogo, lakini akala, na mama akafurahi sana.

Asubuhi ya Ijumaa, siku yenyewe ya Timkat, tuliamka gizani kwenda uwanjani. Addis Ababa ipo juu kupita mita 2,300, na baridi ya Januari huingia mpaka kwenye mifupa. Watu wengi walikuwa wamekesha hapo. Baada ya sala ndefu Patriarki alibariki maji ya birika kwa msalaba, kisha maji yakarushwa kwa mipira juu ya watu, nao wakayapokea kwa mikono, kwa vichwa na kwa chupa za kuwapelekea wagonjwa nyumbani. Mimi nililowa kabisa. Rafiki yangu alisimama mbali chini ya mti, wala hakuna aliyemlazimisha. Kabla ya adhuhuri akaniambia anakwenda kusali Ijumaa katika Msikiti wa Anwar ulioko Merkato. Mwenyeji wetu aliponiuliza mwenzangu amekwenda wapi, nikajibu kwamba ana haja kidogo mjini.

Alirudi saa tisa, uso wake umenawiri. Alisema msikiti ulijaa mpaka nje, na kwamba kanisa la Raguel liko karibu nao sana. Mama alikuwa amengoja chakula kwa ajili yake. Chumba kilitandikwa majani mabichi, na chakula kilikuwa mchuzi wa kuku, ule ambao kuku hukatwa vipande kumi na viwili akapikwa kwa vitunguu vingi na pilipili nyekundu, pamoja na mayai. Mama akakunja tonge kubwa, akamwelekezea mgeni wake wa jana.

Rafiki yangu akarudisha kichwa nyuma, akaweka mkono kinywani.

Mkono wa mama ukabaki pale pale mbele yake. Watu wote wa nyumba wakanyamaza, kwa kuwa kukataa gursha ni kumtusi anayekulisha. Rafiki yangu akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, hukuwaambia?"

Nilikuwa nimesahau kwamba mwenyeji wetu anajua Kiswahili. "Kutuambia nini?" akauliza.

Basi ikanibidi niseme mbele ya wote. Nikasema kwamba rafiki yangu ni Mwislamu, hali nyama isiyochinjwa na Mwislamu, na kwamba tangu Nairobi aliniomba niwape habari, nami nikamwambia nimekwisha. Nilidhani kwamba nyumba inayojitayarisha kwa sikukuu ya Kanisa haitapenda mgeni wa namna hiyo. Mwenyeji wetu alimfasiria mama yake, neno kwa neno, wala hakupunguza.

Mama akaliweka tonge, akanawa, akajitanda shuka yake akatoka bila kusema. Tukasikia mlango wa nje. Nilikuwa tayari kukusanya mizigo.

Baada ya muda alirudi pamoja na jirani yake, mwanamke Mwislamu, mwenye chungu mkononi, na wote wawili wanacheka. Ndipo nilipofahamishwa desturi ambayo ningaliijua kama ningaliuliza. Katika nchi ile Mkristo hali nyama ya Mwislamu, wala Mwislamu hali ya Mkristo, nao hukaa mlango kwa mlango. Kwa hiyo nyumba ya Kikristo ikiwa na karamu, Mwislamu huitwa aje achinje kwa ajili ya wenzake, akapika katika vyungu vyake, na sikukuu za Kiislamu zikifika hufanya vivyo hivyo kwa Wakristo. Mama alimwambia mwanawe anifasirie maneno haya: "Mwambie huyu kwamba kama angalisema jana, ningalimchinjishia mwenzake kondoo. Sasa amenifanya nimtie mgeni wangu aibu katika nyumba yangu."

Sikuwa na la kujibu. Rafiki yangu alikula kutoka chungu cha jirani, na mama akamlisha tonge, na jirani akamlisha la pili. Mimi sikulishwa na mtu.

Kilichonitia uchungu zaidi ni kwamba rafiki yangu hakuniambia neno. Kahawa ilipoanza aliketi upande wa pili. Wanawake huikaanga mbele ya wageni, huitwanga, huichemsha katika mtungi mweusi, na moshi wa ubani hujaza chumba. Huiita "buna", nasi twajua maana ya buni. Mtu hanywi kikombe kimoja akaondoka, sharti vitatu. Baada ya cha kwanza rafiki yangu aliniuliza, hali akitazama kikombe chake, "Ulidhani mimi nitakuaibisha?"

Nikamwambia, "La. Nilidhani hivyo juu yao."

"Basi umetukosea wote."

Nikamwomba radhi, kisha mwenyeji wetu akanifasiria nikamwomba radhi mama. Kilipomiminwa kikombe cha tatu, rafiki yangu akauliza jina lake, maana kila mmoja una jina. Mama akajibu mwenyewe, "Baraka." Rafiki yangu akalirudia neno hilo, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mchana, akanisogezea bisi zilizokuwa karibu naye.

Kesho yake tuliiona tabot ya Malaika Mikaeli ikirudishwa, kwa kuwa yeye hubaki siku moja zaidi. Tulitamani kufika Negash, katika jimbo la Tigray, ulipo msikiti wa kukumbuka masahaba wale, lakini ni mbali, na likizo yetu ilikuwa karibu kwisha. Tukasema tutakwenda mwaka mwingine. Mwaka 2019 Timkat iliandikwa na UNESCO katika urithi wa utamaduni usioshikika, kama isukuti yetu ilivyoandikwa mwaka 2014. Lakini mwaka 2020 vita viliingia Tigray, na msikiti ule uliharibiwa kwa mizinga. Rafiki yangu alinionyesha picha yake ofisini, kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza.

Siku ya kurudi alikata tiketi za Moyale yeye mwenyewe. Hakutaka Kiingereza kabisa. Alihesabu saa kwa vidole mbele ya dirisha, akaonyesha kwa mkono mahali jua litakapotoka, mpaka yule wa ndani na waliokuwa mstarini wakacheka. Tiketi iliandikwa 11:00. Tukawa kituoni saa kumi kasoro robo, gizani, tumejifunika shuka tulizopewa na mama, tukamngoja dereva aamke.